Inzi Ndani ya Kaharabu: Uelezaji wa Visukuku vya Wadudu na Funzo la Jinja na Mbale

Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna spishi za inzi wa kale waliohifadhiwa katika kaharabu zinavyoelezwa kisayansi kwa mara ya kwanza. Ili kupima uzito wa maelezo hayo, yanarejelea inzi walio hai wa maeneo mawili ya mashariki mwa Uganda: Jinja, Mto Naili unapotoka katika Ziwa Viktoria, na Mbale, chini ya Mlima Elgon. Hoja kuu ni kwamba kaharabu huhifadhi umbo la mdudu kwa ukamilifu wa kustaajabisha, lakini huficha sehemu kubwa ya maisha yake. Historia ya inzi wa Jinja na Mbale inaonesha ni mambo gani hasa yanayofichika, na kwa nini jambo hilo linawahusu wapangaji wa sera sawa na wanasayansi.

Kaharabu, sandarusi na suala la umri

Kaharabu ni utomvu wa miti uliofukiwa ardhini na kubadilika kikemikali kwa mamilioni ya miaka. Wasemaji wa Kiswahili wanaijua zaidi jamaa yake changa, yaani sandarusi. Huo ni utomvu wa msandarusi, Hymenaea verrucosa, ambao katika karne ya 19 ulichimbwa Mrima na kusafirishwa kupitia Unguja hadi Marekani na Ulaya kwa ajili ya kutengenezea vanishi. Sandarusi nayo hunasa wadudu, na kwa macho matupu haitofautiani sana na kaharabu. Tofauti hudhihirika kwa majaribio: tone la spiriti huifanya sandarusi inate, ilhali kaharabu iliyokomaa haibadiliki kwa urahisi. Inzi wa sandarusi ni wa karne au milenia chache zilizopita. Inzi wa kaharabu wanaweza kuwa wa kabla ya wanadamu kuwapo.

Suala la umri limewahi kuwatatiza hata watafiti mahiri. Mwaka 2010 kundi la kimataifa lililoongozwa na Alexander Schmidt lilitangaza kaharabu ya Ethiopia, yenye wadudu wengi ndani yake, kuwa ya Kipindi cha Kretasia, takriban miaka milioni 95 iliyopita. Uchunguzi uliofuata uliirejesha mbele hadi Miosini ya Mapema, kati ya miaka milioni 23 na 16 hivi. Kutokana na marekebisho hayo, mdudu aliyedhaniwa kuishi pamoja na dinosau alionekana kuwa wa zama za sokwe wa kale.

Kwa mashariki mwa Uganda, umri huo mpya una maana ya pekee. Mabaki ya wanyama na mimea ya Bukwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, yamekadiriwa kuwa na umri wa takriban miaka milioni 19. Hivyo Bukwa na kaharabu ya Ethiopia ni za zama moja. Mabaki ya Bukwa yanaeleza wanyama na mimea ya mazingira ya volkano. Kaharabu inaongeza wadudu wadogo ambao ni nadra kusalia katika udongo na majivu. Kumbukumbu hizo mbili zikisomwa pamoja hutoa picha pana zaidi ya Afrika Mashariki ya wakati huo.

Hatua za uelezaji

Kazi huanza kwa kulikata na kulisugua pande la kaharabu hadi mdudu aonekane kutoka pande kadhaa. Pale ambapo mapovu au nyufa zinamziba, hutumiwa picha za eksirei zinazounganishwa kwa kompyuta kuwa umbo la pande tatu. Mtafiti kwanza huthibitisha kwamba mdudu ni wa oda ya Diptera: ana jozi moja tu ya mabawa ya kurukia, na mahali pa jozi ya pili pana viungo viwili vidogo mithili ya virungu, vinavyomsaidia kusawazisha mwili angani. Kisha hukagua mpangilio wa mishipa ya bawa, idadi ya pingili za vipapasio, sehemu za mdomo, kucha na viungo vya uzazi. Mambo hayo ndiyo yanayomweka katika familia na jenasi.

Jina jipya halisimami kwa michoro peke yake. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinadai, kwa spishi zilizotangazwa baada ya mwaka 1999, kwamba mwandishi ataje bayana sampuli ya msingi inayobeba jina na hazina itakamohifadhiwa. Sampuli hiyo ndiyo shahidi wa kudumu. Maelezo yakitiliwa shaka, mtafiti mwingine huirudia na kuikagua upya.

Funzo la Jinja: spishi moja iliyokuwa nyingi

Mwaka 1903 Frederick Theobald, mtaalamu wa wadudu wa Uingereza, alieleza spishi ya inzi mdogo mweusi kutokana na sampuli zilizotoka Uganda. Aliiita Simulium damnosum. Baadaye ilibainika kwamba inzi wa kundi hili hueneza usubi, ugonjwa unaosababishwa na minyoo na unaoweza kupofusha. Viluwiluwi vyao huishi katika maji yaendayo kasi, na maporomoko ya Jinja yaliwafaa mno. Katika miaka ya 1950, wakati wa ujenzi wa bwawa la Owen Falls lililozinduliwa mwaka 1954, dawa ya DDT ilitiwa mtoni ili kuwaangamiza.

Mwaka 1966 R. W. Dunbar alionesha, kwa kuchunguza kromosomu za viluwiluwi, kwamba jina Simulium damnosum nchini Uganda lilikuwa limekusanya spishi nne zinazofanana kwa umbo. Utafiti ulioendelea katika sehemu nyingine za Afrika uliongeza idadi hiyo na kuonesha kwamba spishi hizo hazilingani katika kuuma watu wala katika kueneza ugonjwa.

Tuseme inzi hao wanne wangenaswa katika utomvu. Kromosomu zao zisingesalia, na mtafiti wa baadaye angewaeleza kuwa spishi moja bila kosa lolote la kiufundi. Kwa hiyo idadi ya spishi zinazotajwa katika kaharabu yoyote ifahamike kuwa ni kiwango cha chini. Linganisho la uanuwai wa kale na wa sasa likipuuza jambo hili, linaweza kuonesha ongezeko la spishi ambalo halikutokea.

Jinja inatoa tahadhari ya pili kuhusu wingi. Shirika la Utafiti wa Uvuvi la Afrika Mashariki lilianzishwa mjini humo mwaka 1947, na mwaka 1956 W. W. Macdonald alichapisha uchunguzi wa wadudu wa ziwani wanaoruka kwa mawingu makubwa. Aliona kwamba Chaoborus huibuka kutoka majini kwa kufuata mwandamo wa mwezi. Utomvu uliotiririka usiku wa mawingu hayo ungejaa Chaoborus. Uliotiririka wiki moja baadaye huenda usingekuwa na hata mmoja. Hesabu za wadudu katika mapande machache ya kaharabu haziwezi basi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa sensa ya msitu au ziwa la kale.

Funzo la Mbale: kaa aliyefichika

Katika mito ya Mlima Elgon usubi ulienezwa na spishi nyingine, Simulium neavei, iliyoelezwa na Émile Roubaud mwaka 1915. Kwa miaka mingi inzi wazima walijulikana, lakini viluwiluwi vyao havikuonekana kwenye mawe wala majani ya mtoni. Mwaka 1950 van Someren na McMahon walitoa jibu kutokana na utafiti wao nchini Kenya: viluwiluwi hivyo hukua vikiwa vimejishikiza juu ya kaa wa mtoni.

Ugunduzi huo ulibadili mbinu za udhibiti, kwani kuanzia hapo mkaguzi aliweza kupima mafanikio kwa kuwakamata kaa na kuwachunguza. Katika eneo la Elgon, ikiwemo Mbale, ugawaji wa dawa ya ivamektini uliongezwa hadi mara mbili kwa mwaka kuanzia 2007, sambamba na kuangamiza inzi wenyewe. Mwaka 2014 watafiti walichapisha ushahidi kwamba maambukizi katika eneo hilo yalikuwa yamekatizwa.

Kaharabu isingeweza kumfichua kaa huyo. Utomvu hunasa zaidi inzi wazima wanaoruka karibu na miti. Viluwiluwi vya majini huingia kwa nadra sana. Inzi weusi wanajulikana katika kaharabu ya New Jersey ya Kipindi cha Kretasia, ambamo Currie na Grimaldi walieleza jenasi Archicnephia mwaka 2000. Sehemu za mdomo zinaweza kuonesha kama inzi alifyonza damu, lakini makao ya viluwiluwi vyake hukisiwa kutokana na jamaa walio hai. Jamaa hao wasipochunguzwa vyema, makisio hayo hukosa msingi.

Athari kwa sera

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, makusanyo ya wadudu walio hai yahesabiwe kuwa sehemu ya miundombinu ya utafiti wa visukuku. Mto ukiwekewa bwawa au dawa kabla wadudu wake hawajakusanywa, kipimo cha kulinganishia hupotea kabisa.

Pili, kila pande la kaharabu au sandarusi liandikiwe mahali lilipotoka na tabaka la ardhi lililolihifadhi. Kisa cha Ethiopia kinaonesha kwamba umri usio sahihi hubadili maana ya kila jina linalotolewa.

Tatu, vibali vya utafiti vitaje mapema sampuli za msingi zitahifadhiwa wapi. Kwa kuwa kanuni za kimataifa tayari zinamtaka mwandishi ataje hazina, serikali za ukanda huu zinaweza kuweka sharti kwamba hazina hiyo iwe nchini au, sampuli zikisafirishwa kwa uchunguzi, zirejeshwe kwa tarehe iliyokubaliwa. Sharti hilo linahitaji kuambatana na bajeti, kwani kaharabu huharibiwa polepole na mwanga, joto na hewa kavu. Makumbusho ya Uganda mjini Kampala, yaliyoanzishwa mwaka 1908, ni mahali pa kuanzia.

Hitimisho

Maelezo mazuri ya inzi wa kaharabu hutaja kinachoonekana, hutenga kinachokisiwa, na humwachia msomaji sampuli anayoweza kuirudia. Miaka 63 ilipita kabla ya jina la Theobald kubainika kuwa la spishi zaidi ya moja, na miaka 35 kabla ya viluwiluwi vya inzi wa Roubaud kupatikana. Inzi hao walikuwa hai na waliweza kukamatwa kila siku. Kwa inzi aliyekufa mamilioni ya miaka iliyopita, tahadhari inapaswa kuwa kubwa zaidi, na hifadhi ya sampuli yake kuwa imara zaidi.