Kupanga Uwiano wa Zege Lenye Nguvu Kubwa

Watahiniwa wengi wanaujua uwiano wa 1:2:4, yaani saruji sehemu 1, mchanga 2 na kokoto 4. Uwiano huo hautaji maji, na maji ndiyo yanayoamua nguvu ya zege kuliko kitu kingine.

Kwa nini maji?
Saruji huhitaji maji ya takribani robo ya uzito wake ili iungane nayo kikemia. Maji ya ziada hulainisha zege, kisha hukauka na kuacha vitundu. Vitundu vikizidi, nguvu hupungua. Mwaka 1918 Duff Abrams wa Marekani alieleza kanuni hii: kwa malighafi zilezile, uwiano wa maji kwa saruji ukipanda, nguvu ya zege hushuka.

Zege la nyumba za kawaida hufikia N/mm² 20 hadi 30, likipimwa kwa kuvunja mche wa mm 150 baada ya siku 28. Zege la nguvu kubwa huvuka N/mm² 50. Huhitaji uwiano wa maji wa 0.40 au pungufu, saruji ya daraja la 42.5 au zaidi, kokoto ngumu na kemikali ya kulainisha, maana bila kemikali hiyo zege huwa gumu kushindilia.

Mfano
Panga zege la mita 1 ya ujazo kwa maji lita 175 na uwiano wa 0.35. Chukua uzito wa zege kuwa kg 2,400 na mchanga kuwa asilimia 35 ya mchanga na kokoto.

Saruji = 175 ÷ 0.35 = kg 500 (mifuko 10 ya kg 50)
Mchanga na kokoto = 2,400 − 175 − 500 = kg 1,725
Mchanga mkavu = 0.35 × 1,725 = kg 604
Kokoto = 1,725 − 604 = kg 1,121

Rekebisha unyevu
Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Wakati wa masika kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mchanga uliorundikwa nje hulowa. Tuseme una maji ya asilimia 5 ya uzito wake mkavu, nayo yote ni ya juu ya chembe:

Maji yaliyomo = 0.05 × 604 = lita 30
Mchanga wa kupima = 604 + 30 = kg 634
Maji ya kuongeza = 175 − 30 = lita 145

Fundi akimimina lita 175 zote, jumla ya maji itakuwa lita 205, na uwiano 205 ÷ 500 = 0.41. Nguvu iliyokusudiwa haitapatikana, ingawa saruji haikupunguzwa hata kilo moja.

Kokoto za volkeno
Kilimanjaro ni mlima wa volkeno. Mawe yake mazito, yasiyo na matundu, yanafaa kwa kazi hii. Mawe mepesi yenye matundu hufyonza maji na huvunjika mapema, hivyo hayafai kwa nguzo za ghorofa.

Zingatia
Zege likishagandamana, limwagilie maji kwa siku 7 au zaidi. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Majengo huanguka kwa sababu mbalimbali. Zege dhaifu ni mojawapo, na kuizuia kunaanza kwa anayepima maji.

Jipime
Maji ni lita 170, uwiano 0.40, mchanga mkavu kg 650 na unyevu wa juu ya chembe asilimia 4. Tafuta saruji, mchanga wa kupima na maji ya kuongeza.
*Jibu:* saruji kg 425. Mchanga kg 676. Maji lita 144.