Mkalimani Asiyeficha Kosa: Ushughulikiaji wa Makosa katika Kiolesura cha GDB

Ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Katika mahakama za Kisii na Nyamira, shahidi akitamka kwa Ekegusii neno lisiloeleweka, mkalimani hana budi kusema hivyo. Akinyamaza au akibuni jibu, kesi hupotoka pasipo hakimu kujua.

Kiolesura cha GDB, programu ya kutafutia kasoro za programu nyingine, ni mkalimani wa namna hiyo. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2009, GDB huweza kupokea maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya Python. Agizo likitaka kusoma mahali pasipofikika katika kumbukumbu ya kompyuta, GDB hutoa kosa, nacho kiolesura hulifasiri kwa Python kuwa gdb.MemoryError, makosa mengine mengi huwa gdb.error. Kiolesura kikilimeza kosa, mtumiaji huenda akaamini jibu la uongo. Kikilipitisha bila kulifasiri, huenda GDB yenyewe ikasimama ghafla. Marekebisho basi hufuata kanuni moja: kila jibu likaguliwe, na kosa ama litatuliwe papo hapo, ama lifikishwe kwa aliyeuliza.

Kwa mwanafunzi wa tafsiri, kanuni hii si ngeni: uaminifu wa mfasiri ni pamoja na kukiri kisichofasirika.