Upambanuzi si Ubaguzi: Istilahi za Kupimia Maswali ya Majaribio ya Akili

Mwaka 1905, huko Ufaransa, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga jaribio la maswali 30, kuanzia mepesi hadi magumu, ili kuwatambua watoto waliohitaji mafunzo ya pekee. Siku hizi, kabla swali halijampima mtoto, lenyewe hupimwa kwanza. Katika makala haya tunakusudia kufafanua istilahi tatu za upimaji huo, maana zikichanganywa, mwalimu huweza kulitupa swali zuri na kulibakiza baya.

Ya kwanza ni wepesi. Hupatikana kwa kugawa idadi ya waliojibu sawasawa kwa idadi ya wote waliojaribu. Wakipata watoto 80 kati ya 100, kiwango ni 0.80. Wengi hukiita "kiwango cha ugumu", lakini tarakimu hiyo hupanda kadiri swali linavyokuwa jepesi. Kwa hiyo tunapendekeza "kiwango cha wepesi".

Ya pili ni upambanuzi, yaani uwezo wa swali kuwatenga wenye alama nyingi katika jaribio zima na wenye alama chache. Swali likijibiwa sawasawa na watoto 18 kati ya 20 wa kundi la juu, na 8 kati ya 20 wa kundi la chini, upambanuzi ni 0.90 kutoa 0.40, yaani 0.50. Ukikaribia sifuri, swali halisaidii. Ukiwa chini ya sifuri, huenda jibu lililowekwa kuwa sahihi limekosewa.

Ya tatu ni ubaguzi. Kwa Kiingereza neno moja hubeba maana hii na ile ya upambanuzi, na hapo ndipo mfasiri hutegwa. Swali hubagua pale watoto wenye uwezo sawa wanapotofautiana kulijibu kwa sababu ya lugha au mazingira. Mathalani, mtoto hutajiwa tarakimu azirudie. Utafiti wa mwaka 1980 kuhusu wazungumzaji wa lugha mbili huko Wales ulionyesha kuwa tarakimu za Kiwelisi, ambazo huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa, zilikumbukwa chache kuliko za Kiingereza. Kwetu, moja hadi tisa zote zina silabi mbili. Kwa Kiingereza, isipokuwa saba, zina silabi moja. Kumpima mtoto kwa Kiswahili kisha kumhukumu kwa viwango vya Kiingereza kwaweza kumdhulumu.

Hivyo, anayefasiri jaribio asiishie kwenye maneno. Kila swali lipimwe upya miongoni mwa watoto watakaoulizwa.