Jiometri Ilikua kwa Kuuliza Kwa Nini

Karibu mwaka 1550 KK, mwandishi wa Misri aitwaye Ahmes alinakili maswali zaidi ya 80 ya hesabu kwenye gombo la mafunjo. Swali la 50 linahusu shamba la duara lenye kipenyo cha 9. Ahmes anaelekeza: punguza sehemu moja ya tisa ya kipenyo, yaani 1, ubakiwe na 8, zidisha 8 kwa 8, eneo ni 64. Sisi tukikokotoa kwa pai tunapata 63.6. Tofauti haifiki hata asilimia moja. Kwa wapima mashamba wa bonde la Nile, ambako mafuriko yalifuta mipaka mwaka baada ya mwaka, jibu hilo lilitosha.

Gombo hilo halielezi kwa nini hesabu itoke hivyo. Wababeli nao, kama vigae vyao vya udongo vya takriban mwaka 1800 KK vinavyoonyesha, waliitumia kanuni tunayoiita ya Pythagoras zaidi ya miaka 1,000 kabla Pythagoras hajazaliwa. Kanuni walikuwa nayo. Uthibitisho wake hawakutuachia.

Wagiriki ndio waliong'ang'ania uthibitisho. Karibu mwaka 300 KK Euclid, aliyefundisha Aleksandria, huko huko Misri, aliandika kazi yake kuu yenye vitabu 13. Alianza na fafanuzi, kanuni chache zilizo wazi na madai matano ya msingi, kisha akajenga mengine yote kwa hoja.

Kwa mfano, chukua pembetatu yoyote. Kwenye ncha yake ya juu chora mstari sambamba na kitako. Pembe ya kushoto ya kitako inalingana na pembe iliyo juu, kati ya mstari huo na ubavu wa kushoto. Ya kulia vivyo hivyo. Sasa pembe zote tatu zimekaa pamoja juu ya mstari mmoja ulionyooka. Jumla yake ni nyuzi 180, na hukuhitaji kupima hata pembetatu moja.

Hoja hiyo, hata hivyo, inategemea dai la tano la Euclid. Kwa lugha ya leo linasema kwamba katika nukta iliyo nje ya mstari hupita mstari mmoja tu ulio sambamba nao. Je, dai hilo lenyewe linathibitika? Omar Khayyam wa Uajemi alilishughulikia mwaka 1077, na Nasir al-Din al-Tusi akalirudia katika karne ya 13. Halikuthibitika. Hatimaye Lobachevsky wa Urusi mwaka 1829, na Bolyai wa Hungaria mwaka 1832, walichapisha jiometri kamili isiyolihitaji. Mwaka 1854 Riemann wa Ujerumani akapanua mlango kwa kueleza jiometri ya nafasi zilizopinda.

Mfano wake uko Afrika Mashariki. Simama Kayabwe, Uganda, penye alama ya Ikweta kwenye barabara ya Masaka. Mwenzako asimame kwenye alama ya Ikweta ya Nanyuki, Kenya. Kila mmoja aelekee kaskazini moja kwa moja. Njia zenu zinakutana na Ikweta kwa nyuzi 90, kwa hiyo kwenye karatasi bapa zisingekutana kamwe. Juu ya dunia zitakutana Ncha ya Kaskazini, kwa pembe ya nyuzi 5 hivi. Jumla ya pembe za pembetatu yenu ni nyuzi 185 hivi.

Einstein aliitumia jiometri ya Riemann mwaka 1915 kueleza nguvu ya uvutano, na saa za setilaiti zinazoielekeza simu yako barabarani husahihishwa kwa nadharia yake hiyo ya uvutano.

Kwa hiyo mtoto anayeuliza darasani kwa nini pembe za pembetatu zifike 180 hapotezi muda wa kipindi. Anauliza swali lile lile lililoikuza jiometri, na anastahili kuoneshwa uthibitisho kabla ya kuambiwa akariri.