Lenzi ya Kamera ya 4 kwa 5: Kagua Shata Kabla ya Kioo

Kama umeshapata kamera ya filamu ya inchi 4 kwa 5 na unatafuta lenzi ya kwanza, anza na shata. Vioo vingi vya tangu miaka ya 1970 bado vinatoa picha safi. Kinachochoka ni mtambo ulio katikati yake.

Nafuu kuliko zote zenye shata ni lenzi ya 135 mm ya kamera za zamani za waandishi wa habari. Nyingi huuzwa chini ya dola 120, na ni nyepesi. Ila duara lake la picha linaienea filamu kwa shida. Ukiinua ubao wa mbele ili ghorofa lionekane mpaka juu, pembe za picha zinaingia giza.

Ya pili ni 150 mm f/5.6 yenye shata namba 0. Mtumba wake huwa dola 150 hadi 300. Ukifunga tundu hadi f/22, duara lake hufika milimita 210 hivi, wakati filamu inahitaji kama 160, kwa hiyo una nafasi ya kuinua na kushusha. Zilitengenezwa kwa wingi. Hutazikosa Japani, Ujerumani wala Marekani.

Ya tatu haina shata kabisa: lenzi za mitambo ya uchapaji, kioo kizuri kwa bei ya kutupa. Unapiga kwa kuondoa na kurudisha kifuniko kwa mkono. Ukitumia karatasi ya kusafishia picha kama negetivu, inawezekana, kwani juani kwa f/45 inataka sekunde moja na ushee. Kwa filamu ya ISO 100 juani mkono hauwahi, na kuitafutia shata na pete ya kuchonga kunaweza kuzidi bei ya lenzi yenyewe.

Usiongeze hela kwa ajili ya spidi ya 1/500. Jua la mchana, ISO 100 na f/22 vinakupa 1/50 hivi. Kivulini ni robo sekunde au zaidi. Spidi za polepole ndizo utakazotumia, na ndizo zinazokufa kwanza mafuta yakiganda. Mwombe muuzaji video ya shata ikifyatuliwa kwa sekunde 1, 1/2 na 1/4. Ikikwama, hesabu dola 100 hivi za fundi. Ikichelewa kwa kiasi kilekile kila mara, andika spidi halisi kwenye stika, kisha dai punguzo.

Vumbi kidogo na mkwaruzo mwembamba havidhuru. Kuvu na ukungu ndani ya kioo, achana navyo.

Sasa gharama zisizotajwa kwenye tangazo: ubao wa lenzi unaoingia kwenye kamera yako, wenye tundu la karibu milimita 35 kwa shata namba 0, pete ya kukazia nyuma, waya wa kufyatulia, na nauli. Forodhani kuna ushuru, kisha VAT ya asilimia 18 Tanzania Bara au 16 Kenya, inayokokotolewa juu ya bei, nauli na ushuru kwa pamoja.

Ukimudu, chukua 150 mm iliyokwisha kufungwa kwenye ubao wa kamera yako, hata ikizidi bei kwa dola 40. Ukipungukiwa, 135 mm inatosha kwa sura za watu na mandhari. Isiyo na shata iache mpaka uwe na chumba cha giza.