Je, Wajua? Sheria iliyomtisha mgonjwa

Je, wajua kwamba hadi mwanzoni mwa 2025, mkazi wa Gatitu, karibu na Nyeri mjini, aliyenusurika baada ya kujaribu kujiua angeweza kutolewa wodini na kupelekwa mahakamani? Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, urithi wa ukoloni, kilimhesabu kuwa mkosaji, na kifungo kingefika miaka 2. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Miongoni mwa waliokipinga ilikuwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Uingereza yenyewe ilikuwa imeifuta sheria yake mwaka 1961!

Hofu ya polisi iliwafanya watu wengi wafiche ukweli. Familia ilisema "alianguka tu", na daktari alitibu jeraha bila kujua chanzo chake.

Mbali na hofu hiyo, kuna dhana potovu: kwamba kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua kutampa wazo hilo. Wataalamu wanasema sivyo. Mara nyingi swali humpa nafuu. Muulize, msikilize bila kumhubiria, wala usimwache peke yake akiwa hatarini. Kutoka Gatitu, hospitali ya rufaa ya kaunti iko Nyeri mjini, mwendo mfupi kwa matatu; msindikize. Simu ya Msalaba Mwekundu ni 1199, bila malipo. Befrienders Kenya wanapatikana kwa 0722 178 177.