Mkaguzi Asichaguliwe na Anayekaguliwa

Asubuhi ya tarehe 10 Machi, 2019, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, safari namba 302, iliruka kutoka Addis Ababa kuelekea Nairobi. Dakika sita baadaye ilianguka karibu na mji wa Bishoftu. Watu wote 157 waliokuwamo walikufa. Kati yao 32 walikuwa raia wa Kenya, na hakuna nchi nyingine iliyofiwa na watu wengi kiasi hicho katika ajali ile. Kabla ya hapo, tarehe 29 Oktoba, 2018, ndege nyingine ya aina hiyo hiyo, Boeing 737 MAX, ilikuwa imetumbukia baharini nchini Indonesia na kuua watu 189.

Uchunguzi ulionyesha kwamba katika ajali zote mbili mtambo unaojiendesha wenyewe ulipokea habari za uongo kutoka katika kipimo kimoja kibovu, ukaisukuma pua ya ndege chini tena na tena, huku marubani wakipigana nao. Kitabu cha maelekezo ya marubani hakikuwa kimeutaja mtambo huo.

Je, ndege ya namna hiyo ilipataje cheti cha usalama? Nchini Marekani kazi ya kukagua ndege ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Lakini kwa miaka mingi mamlaka hiyo imekabidhi sehemu kubwa ya kazi yake kwa wahandisi wanaolipwa mshahara na kiwanda chenyewe. Askari yeyote anaelewa hatari ya utaratibu huo. Mtunza ghala la silaha hahesabu bunduki peke yake, akatia sahihi peke yake, kisha ikasemwa kwamba ghala limekaguliwa. Kamati ya Bunge la Marekani, katika taarifa yake ya Septemba 2020, ilieleza kwamba baadhi ya wahandisi hao waliyajua mambo ya hatari wasiyafikishe kwa Mamlaka.

Hapo ndipo linapoingia suala la ushawishi. Makampuni makubwa ya Marekani huajiri watu ambao kazi yao ni kuwaendea wabunge na maofisa wa serikali ili sheria ziandikwe kwa namna inayoyafaa makampuni hayo. Kazi hiyo ni halali, na si sawa na kutoa rushwa. Katika mwaka 2018 peke yake, Boeing ilitumia dola zipatazo milioni 15 kwa shughuli hiyo. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo, siku 24 kabla ya ajali ya Indonesia, ilitiwa sahihi sheria iliyopanua zaidi madaraka ya viwanda vya ndege kujikagua vyenyewe, jambo ambalo viwanda hivyo vilikuwa vimelitaka. Ni kweli kwamba sheria hiyo haikuzileta ajali, maana ndege ile ilikwisha kupewa cheti mwaka 2017. Lakini inaonyesha nguvu zilikuwa zikisukuma upande gani.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1995 inawataka washawishi watoe taarifa za fedha walizotumia. Hata hivyo, taarifa hizo zina matundu. Kampuni inaweza kulipa ada kwa chama cha wafanyabiashara, nacho chama kikawaendea wabunge kwa jina lake chenyewe, bila mwananchi kujua ni fedha ya nani iliyosema nini. Kwa sababu hiyo, katika mkutano mkuu wa Boeing uliofanyika Chicago tarehe 29 Aprili, 2019, majuma saba tu baada ya msiba wa Bishoftu, baadhi ya wenye hisa walidai taarifa kamili ya ushawishi wa kampuni yao. Wakurugenzi walipinga, wakisema kwamba yanayotangazwa yanatosha. Dai hilo halikupata nusu ya kura.

Wenye hisa hao si matajiri peke yao. Akiba za uzeeni za walimu, askari polisi na wazima moto wa Marekani zimewekwa katika hisa za makampuni kama hayo. Waliosimama mbele kuwashitaki wakurugenzi wa Boeing kwa kutosimamia usalama wa ndege walikuwa mfuko wa pensheni wa jimbo la New York pamoja na chama cha pensheni cha wazima moto na polisi wa Colorado. Mwezi Novemba 2021 shauri hilo lilimalizwa kwa mapatano ya dola milioni 237.5.

Madai ya namna hii yaliendelea kupata nguvu. Mwaka 2020 katika kampuni ya mafuta ya Chevron, na mwaka 2021 katika ExxonMobil, zaidi ya nusu ya kura za wenye hisa zilitaka taarifa za ushawishi zitolewe. Kura hizo ni za ushauri tu, na wakurugenzi hawalazimiki kuzitii. Lakini ni vigumu kwa mtumishi kumpuuza daima mwenye mali. Nalo Bunge la Marekani, mwezi Desemba 2020, lilipitisha sheria ya kukaza tena ukaguzi wa ndege.

Nchi za Afrika Mashariki zina haki ya kulifuatilia jambo hili kwa makini. Hazina viwanda vya ndege kubwa za abiria, bali hununua. Air Tanzania nayo ilipokea 737 MAX yake ya kwanza mwezi Oktoba 2023. Muhuri unaopigwa Marekani ndio unaobeba roho za abiria wa Nairobi, Addis Ababa na Dar es Salaam, ambao hawana kura katika Bunge la Marekani wala hisa katika Boeing. Anayelipa ili kanuni za usalama zilegezwe, basi na ajulikane jina lake, kiasi alicholipa na alichokitaka. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kule Bishoftu waliokufa si wale walioyaficha.